Mjamzito, maumivu ya ghafla upande mmoja wa tumbo usiyavumilie

Wajawazito wengi huumwa tumbo, na mara nyingi si jambo la hatari. Mji wa mimba unapanuka, mama anasikia kichomi akigeuka kitandani, akipumzika kinapita. Leo tuzungumzie maumivu mengine, ambayo ni nadra lakini yakitokea hayasubiri kesho: ovari kujisokota.

Ovari ni vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Kila kimoja kimeshikiliwa na kano ambamo hupita mishipa ya damu. Ovari ikiwa na uvimbe wa maji, hasa unaozidi sentimita 5, inakuwa nzito na inaweza kuzunguka, kama embe linavyozungushwa kwenye kikonyo chake. Damu inashindwa kutoka, ovari inavimba, na baadaye hata damu ya kuingia inakatika. Ikikaa hivyo kwa saa nyingi, inakufa.

Kwa nini mjamzito? Ovari iliyotoa yai hubaki na kifuko kinachotengeneza homoni ya kuitunza mimba mpaka kondo la nyuma liichukue kazi hiyo. Wakati mwingine kifuko hicho hujaa maji kikawa kikubwa. Ndiyo maana tatizo hili huonekana zaidi katika miezi ya mwanzo ya mimba. Waliopata mimba kwa dawa za kupevusha mayai wako kwenye hatari zaidi.

Maumivu yake huanza ghafla, makali, upande mmoja chini ya kitovu, mara nyingi kulia, pamoja na kutapika. Hapo ndipo penye mtego, kwani mjamzito akitapika hakuna anayeshtuka. Ataambiwa ni mimba changa, ni yutiai, au ni chango, achemshiwe mizizi. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: ovari huweza kujisokotoa yenyewe, maumivu yakatulia, mama akaahirisha safari ya hospitali, kisha usiku yakarudi. Wala usisubiri kuona damu ukeni. Kwa kawaida haitoki.

Nenda hospitali yenye ultrasaundi na chumba cha upasuaji. Usikandwe tumbo, na njiani usile, maana huenda ukahitaji operesheni. Daktari atafikiria pia kidole tumbo na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Ultrasaundi husaidia sana, lakini ikionyesha damu bado inapita kwenye ovari, hiyo peke yake haitoshi kukurudisha nyumbani ikiwa bado unaumwa. Omba uonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake.

Swali ninaloulizwa na waume na mama wakwe ni moja: "Daktari, operesheni si itaitoa mimba?" Hakuna upasuaji usio na hatari yoyote, ila wajawazito wengi hupasuliwa na mimba zao zikaendelea vizuri. Kuchelewa ndiko kunakotisha zaidi. Ovari husokotolewa, na hata ikiwa imebadilika rangi kuwa nyeusi mara nyingi hupona, kwa hiyo hujitahidi kuiacha. Ikilazimu kukiondoa kile kifuko cha homoni kabla ya wiki ya 10, mama hupewa homoni hiyo kama dawa.

Ukipimwa mapema ukaambiwa una uvimbe kwenye ovari, usiogope. Mwingi hunywea wenyewe. Uliza una sentimita ngapi na uko upande gani, kisha uandikiwe kwenye kadi yako ya kliniki.