Gari Jepesi, Soko Gumu

Mwezi Julai 2023, kwenye tamasha la magari la Goodwood, Uingereza, kampuni ya Caterham ilionyesha gari la mfano ambalo wapenzi wake hawakulizoea hata kidogo. Lilikuwa na paa, lilikuwa na milango, na lilitumia umeme. Jina lake Project V. Kampuni ilitaja mota ya kilowati 200, mwendo wa kilomita 400 kwa chaji moja na bei isiyofika pauni 80,000. Namba iliyobishaniwa zaidi ilikuwa nyingine: kilo 1,190.

Kwa anayejua magari ya umeme, uzito huo ni mdogo mno, kwa kuwa mengi hupita tani moja na nusu bila hata kuwa makubwa. Kwa mwenye Seven, gari dogo la wazi la Caterham, huo ni mzigo. Seven 170, iliyo nyepesi kuliko zote, ina kilo 440. Basi mashabiki wakagawanyika. Wako waliofurahi kwamba hatimaye mtu amejali uzito katika zama za betri, na wako waliosema kwamba gari lenye paa, lisilo na gia ya mkono wala mngurumo wa injini, halistahili kubeba jina hilo.

Mabishano haya si ya kupuuzwa, maana katika biashara hii shabiki ndiye mtaji. Caterham huunda magari kama 500 kwa mwaka. Kampuni ya ukubwa huo haiwezi kugharamia injini yake yenyewe: Seven 170 hutumia injini ya Suzuki ya sentimita za ujazo 660, na kwa sababu hiyo, pamoja na wembamba wake, huingia Japani katika daraja la magari madogo yenye nafuu ya kodi. Hata Project V lenyewe liliundwa na Italdesign ya Turin. Katika hali hiyo gari la mfano ni njia ya kuuliza soko kabla ya kukopa fedha za kiwanda, na anayejibu ni yule yule shabiki, kwa maneno kwanza, kisha kwa malipo ya awali.

Seven yenyewe ni mtoto wa hesabu za fedha. Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus aliianzisha mwaka 1957, na wanunuzi wengi waliichukua ikiwa vipandevipande wakaiunga wenyewe gereji, kwa kuwa gari la namna hiyo halikutozwa kodi ya mauzo. Mwaka 1973 Uingereza ilipobadili mfumo wa kodi, nafuu hiyo ikafutika. Chapman akaachana na gari hilo, na haki za kulitengeneza zikaenda kwa Caterham, iliyokuwa muuzaji wake. Leo mwenye Caterham ni VT Holdings ya Japani, iliyoanza kwa kuyaagiza magari hayo kabla ya kuinunua kampuni nzima mwaka 2021.

Je, watengenezaji wawasikilize mashabiki? Historia ya Lotus inajibu vizuri. Mwaka 1989, chini ya General Motors, ilitoa Elan mpya iliyotumia injini ya Isuzu na kuvutwa na magurudumu ya mbele. Ilisifiwa kwa kushika barabara, lakini wapenzi wa chapa waliona magurudumu yasiyostahili ndiyo yanayoendesha gari, na bei nayo ilikuwa kubwa. Mwaka huo huo Mazda ikaleta MX-5, iliyochukua wazo la Elan ya zamani ya Lotus likiwa zima: injini mbele, msukumo nyuma, mwili mwepesi, bei ya mtu wa kawaida. Elan mpya ilisimamishwa mwaka 1992. Mazda ilitimiza magari milioni moja ya MX-5 mwaka 2016. Faida ya wazo la Kiingereza ilivunwa Hiroshima, makao ya Mazda.

Lotus ilijifunza. Mwaka 1995 ilipeleka kwenye maonyesho ya Frankfurt gari la Elise, yenye fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, uzito wote kama kilo 725, na bei ya Uingereza chini ya pauni 20,000. Mashabiki walilia kwa furaha, na safari hii wakatoa pesa. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2021, Elise 35,124 zilikuwa zimetengenezwa. Tesla ilijenga gari lake la kwanza, Roadster, juu ya teknolojia hiyo hiyo.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mashabiki wasikilizwe sana wanapodai wepesi. Wanapodai kila kitu kibaki kama cha baba zao, wasikilizwe kwa kiasi. Paa halikuwahi kuua gari la michezo; uzito na bei vimeyaua mengi.

Na bei ndiyo inayonitia wasiwasi. Hata ukiongeza mfumuko wa bei juu ya Elise ya mwanzo, pauni 80,000 bado ziko mbali nayo. Longbow, kampuni changa ya Uingereza, mwaka 2025 ilitangaza magari mawili ya umeme, Speedster yenye kilo 895 na Roadster yenye kilo 995, na hata hilo la bei ya chini linaanzia pauni 64,995. Juu kabisa yuko mbunifu wa magari Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, ambaye T.50 yake isiyofika tani moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni mbili, magari 100 tu. Wepesi, uliokuwa njia ya maskini kulishinda gari la tajiri, unageuka kuwa anasa.

Sheria nayo imelegea. Aprili 2025 serikali ya Uingereza iliwaondoa watengenezaji wadogo katika marufuku ya mwaka 2030 ya magari mapya ya petroli, kwa hiyo Seven ya petroli inaweza kuendelea kulipa mishahara huku Project V, ambalo mota yake sasa inatengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, likikamilishwa bila kukimbizwa. Caterham itumie muda huo kupunguza bei. Kilo 1,190 tayari zina wapenzi wa kutosha. Wenye pauni 80,000 ndio wachache.