Anwani Moja kwa Nyumba Nzima

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka sanduku la posta la parokia. Barua ya mkulima, ya mwalimu na ya fundi cherehani zote zilikuja kwa S.L.P. ile ile, "kupitia kwa Paroko", naye karani akazigawa. Ruta ya intaneti katika nyumba yetu hapa Ngerengere ndiyo karani huyo.

Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu, pungufu ya idadi ya watu duniani. Kwa hiyo zimetengwa za matumizi ya ndani, kama zile zinazoanza na 192.168. Nyumba yoyote inaweza kuzitumia, ila huko nje hazitambuliki. Ombi linapotoka, ruta huweka anwani yake badala ya ile ya kompyuta, kisha huandika katika jedwali lake aliyeomba, ili jibu limfikie.

Nani abadilishiwe anwani? Hiyo ndiyo kazi ya orodha ya ruhusa. Kwenye ruta ya Cisco, ukishaonyesha upande wa ndani (ip nat inside) na wa nje (ip nat outside), unaandika:

access-list 1 permit 192.168.10.0 0.0.0.255
ip nat inside source list 1 interface GigabitEthernet0/0 overload

Katika namba za pili, sifuri inadai ulinganifu kamili. 255 inakubali yoyote. Overload huruhusu wengi kutumia anwani moja kwa pamoja.

Tulipohamishia maktaba kwenye 192.168.20.0, mafrateri walichapa karatasi vizuri, lakini intaneti hawakuipata. Siku mbili tulilaumu waya! Kumbe orodha haikuwataja, na kila orodha humalizika kwa katazo lisiloonekana. Hapa wengi hukosea: katazo hilo halikuwafungia mlango. Maombi yao yalitoka na anwani ya ndani, kama barua isiyo na S.L.P. ya kujibiwa. Basi usidhani orodha hii ni ulinzi. Ya kuzuia watu huandikwa peke yake na kufungwa kwenye mlango wa ruta.

Tuliongeza mstari mmoja:

access-list 1 permit 192.168.20.0 0.0.0.255

Mlango wa maktaba nao tukauandikia ip nat inside. Kisha show ip nat translations ikatuonyesha kompyuta za maktaba, moja baada ya nyingine.