Msanii Mbele ya Majaji

Mwaka 1993 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza kipimo ambacho hadi leo watafiti wa nchi nyingi hukitumia kuamsha msongo wa mawazo kwa makusudi. Anayepimwa hupewa dakika chache za kujiandaa, kisha husimama mbele ya kipaza sauti na kueleza kwa dakika 5 kwa nini anafaa kupewa kazi fulani. Waliokaa mbele yake wamevaa makoti meupe. Hawatabasamu, hawatikisi kichwa. Akimaliza huambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kuanzia 1,022, akitoa 13 kila mara; akikosea, anaanza upya. Mate yake yakipimwa dakika 20 hivi baadaye, mara nyingi homoni iitwayo kotisoli huwa imepanda mara mbili hadi nne.

Hakuna aliyemgusa mtu huyo wala kumtishia maisha. Ameangaliwa tu, na walioangalia hawakuonyesha kwamba wamependa. Kwa watafiti hilo ni jaribio la mara moja. Kwa mwigizaji anayeitwa kwenye usaili, mwimbaji anayepeleka wimbo redioni, au mwandishi anayengoja jibu la mhariri, hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2004, wanasaikolojia Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya majaribio 208 ya namna hii ili wajue hasa ni kitu gani hupandisha kotisoli. Si ugumu wa kazi peke yake. Mambo mawili yalijitokeza: kuhukumiwa na watu, na kukosa uwezo wa kubadili matokeo hata ukijitahidi vipi. Palipokutana yote mawili, kotisoli ilipanda kuliko kwingineko na ilichelewa zaidi kushuka. Naamini mambo hayo mawili yanaeleza sehemu kubwa zaidi ya mateso ya watu wanaoishi kwa sanaa, kuliko ile hadithi ya kale kwamba kipaji huja na wazimu wake.

Hadithi hiyo ina madhara, na ni vizuri kuisahihisha. Simon Kyaga na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walipitia kumbukumbu za miaka 40 za wagonjwa wa akili karibu milioni 1.2 pamoja na ndugu zao, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwa jumla, watu wenye kazi za ubunifu hawakuugua maradhi ya akili zaidi ya wengine, isipokuwa ugonjwa wa baipola. Waandishi ndio walioonekana kuwa na mzigo mkubwa zaidi, ukiwemo wasiwasi na sonona. Kwa hiyo kijana anayekataa kutafuta msaada kwa kuogopa kwamba akipona ataishiwa na mashairi anajinyima bure. Maumivu hayamwandikii mtu beti.

Kisa kinachoonyesha vizuri hukumu na kukosa uwezo vikimkuta mtu kwa pamoja ni cha mtunzi wa muziki wa Urusi, Sergei Rachmaninoff. Machi 1897, akiwa na umri wa miaka 23, simfoni yake ya kwanza ilipigwa St. Petersburg. Mazoezi yalikuwa haba. Alexander Glazunov, aliyeiongoza okestra, aliiongoza vibaya, na wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa amelewa. Mtunzi mwenyewe, inasimuliwa, alijificha kwenye ngazi, akisikia kazi yake ikiharibika nota kwa nota bila ya kuwa na la kufanya. Kisha mhakiki César Cui akaandika gazetini akiifananisha simfoni hiyo na kazi ya mwanafunzi wa chuo cha muziki cha jehanamu aliyeagizwa kutunga juu ya mapigo ya Misri.

Kwa karibu miaka mitatu Rachmaninoff hakutunga kitu chochote kikubwa. Lakini hakulala kitandani muda wote huo. Mwaka huohuo wa 1897 alipata kazi ya kuongoza okestra katika opera ya tajiri Savva Mamontov huko Moscow, akajifunza kazi hiyo akiwa kazini na kufanya urafiki na mwimbaji Feodor Chaliapin. Mwaka 1899 alialikwa London, akashangiliwa, akaahidi kuwaletea konseto mpya ya piano. Vidole vilikuwa vizima na masikio yalikuwa mazima. Kilichokufa ganzi ni sehemu ileile iliyokuwa imehukumiwa, yaani kutunga. Waliomtakia mema walimpeleka kwa Leo Tolstoy ili mzee yule ampe moyo. Tolstoy akamkatisha tamaa zaidi. Nafikiri wengi wetu tumewahi kufanya kosa kama hilo la wema: kumpeleka mtu aliyeumizwa na hukumu mbele ya jaji mwingine, mkubwa zaidi.

Kuanzia Januari hadi Aprili 1900 alikwenda kwa daktari Nikolai Dahl, aliyetumia mazungumzo na njia ya kumtuliza mtu hadi karibu na usingizi. Dahl, ambaye mwenyewe alipenda kupiga muziki, alishughulikia kwanza usingizi wa mgonjwa wake, hamu yake ya kula na hali ya moyo wake. Majira ya joto ya mwaka huo Rachmaninoff alianza tena kutunga. Konseto yake ya pili ya piano ilipigwa yote kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1901, na alimtunuku Dahl kazi hiyo. Haiwezekani kumpima marehemu, na huenda daktari wa leo angesema ilikuwa sonona. Lakini utaratibu wa Dahl, mwili kwanza kisha kazi, unakubaliana sana na tunachokijua sasa.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kila upande moja, iitwayo amigdala, inayofanya kazi kama mlinzi wa usiku asiyeweza kutofautisha mwizi na upepo. Ikihisi hatari huwaamsha watu wote nyumbani. Katika sekunde chache tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini: moyo hukimbia, kinywa hukauka, mikono hutetemeka. Dakika chache baadaye hufuata kotisoli, ambayo huachia sukari damuni ili mwili uwe na nguvu za kupambana. Wakati huohuo, kama Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale alivyoonyesha kwa miaka mingi ya utafiti, kemikali za msongo zikizidi ubongoni hudhoofisha gamba la mbele la ubongo, pale panapopanga mawazo na kushika kumbukumbu za muda mfupi. Ndiyo maana mwimbaji aliyeimba wimbo mmoja mazoezini bila kukosea anaweza kusimama jukwaani na ubeti wa pili ukapotea. Hajakosa bidii. Chombo anachokihitaji kimezimwa kwa muda.

Mwili umeumbwa uvumilie mshtuko kama huo kisha utulie. Shida huanza pale usipopata nafasi ya kutulia. Cui aliandika mara moja, gazetini, na gazeti lile likaishia kufungia vitu. Msanii wa Dar es Salaam au Nairobi leo analala na simu yenye wahakiki wake kando ya mto wa kulalia. Video ikipanda saa 2 usiku, kufikia saa 4 ameshasoma maoni mia, na saa 9 alfajiri anaamka kuangalia idadi ya watazamaji, idadi ambayo hana uwezo nayo hata kidogo. Ongeza promota aliyesema atalipa Ijumaa na sasa hapokei simu, na masharti yote mawili ya Dickerson na Kemeny yametimia kabla ya kifungua kinywa.

Hali hii ikidumu huzaa kile ninachokiita hapa uchovu sugu wa kazi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974 baada ya kuwaona watu waliojitolea katika zahanati ya bure New York wakiishiwa nguvu mmoja baada ya mwingine. Waliojitoa zaidi ndio walioanguka. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California akaupimia sura tatu: kuchoka kusikoondolewa na usingizi, kuichukia au kuikejeli kazi uliyoipenda, na kujiona huwezi tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua katika toleo jipya la orodha yake ya magonjwa, likisema wazi kwamba si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Na unaacha alama mwilini. Ivanka Savic na wenzake, Stockholm, walipiga picha za ubongo za watu waliochoka namna hii wakakuta sehemu za gamba la mbele zimepungua unene na amigdala imekua. Walipowapima tena baada ya mapumziko na matibabu, sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa imerudi katika hali yake, si yote.

Mwenye kazi ya ubunifu ana hatari moja ya ziada. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Teresa Amabile aliwaomba watu 72 waliozoea kuandika watunge shairi fupi. Kisha baadhi yao wakapewa dakika chache kupanga kwa umuhimu sababu za kuandika zinazotoka nje, kama fedha na sifa. Wengine wakapanga sababu za ndani, kama raha ya kucheza na maneno. Wote wakatunga tena. Washairi wazoefu waliosoma kazi hizo, bila kujua nani ni wa kundi gani, waliona mashairi ya waliofikiria fedha na sifa yameshuka. Dakika chache tu. Fikiria sasa mtu anayefikiria kodi ya nyumba kila anaposhika kalamu.

Simwambii msanii asifikirie fedha. Hilo ni tusi kwa mtu mwenye watoto. Ninachosema ni kwamba saa ya kutunga na saa ya kuuza zinahitaji kutenganishwa, kwa siku au hata kwa meza. Sabine Sonnentag, aliyetafiti mapumziko kwa miaka mingi, anaonyesha kwamba kutoka ofisini hakutoshi iwapo akili imebaki kule. Kinachorudisha nguvu ni kuacha kuiwaza kazi, kutulia, kuwa na uamuzi juu ya muda wako, na kufanya jambo jingine linalokukuza ambalo hakuna anayekuhukumu kwalo. Mchoraji akalime mchicha. Mwandishi ajifunze kupiga udi, apige vibaya, afurahi.

Kwa hofu ya jukwaani zipo njia za haraka. Mtafiti Alison Wood Brooks aliwataka watu wajisemee kwamba wamesisimka kabla ya kuimba mbele ya wengine, badala ya kujituliza kwa nguvu. Waliofanya hivyo waliimba vizuri zaidi. Moyo ulikuwa ukikimbia vilevile, ila mbio zake zilipewa maana nyingine. Kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, huamsha neva ya vagasi inayopunguza mapigo ya moyo, na jaribio la Stanford la mwaka 2023 liliona kwamba dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja zilitosha kuinua hali ya hisia. Wapo pia wanaomeza propranolol, dawa ya moyo: katika uchunguzi wa mwaka 1987 miongoni mwa wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani, asilimia 27 walisema wamewahi kutumia dawa za aina hiyo. Huzuia mikono kutetemeka, lakini inaweza kumuua mwenye pumu, kwa hiyo isipokelewe kutoka kwa rafiki nyuma ya jukwaa. Na usingizi, hamu ya kula na furaha vikipotea kwa wiki mbili au zaidi, au mawazo ya kufa yakianza kuja, pumzi na maneno havitoshi tena. Mtu aende kituo cha afya, na mwenzake amsindikize.

Kuhusu kusindikizana, Afrika imetoa somo ambalo dunia inalisoma. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Bibi hamhukumu aliyekaa naye. Humsaidia kutaja matatizo yake, kuchagua moja, na kupanga hatua moja anayoiweza. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 hivi ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar, mahali ambapo klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa imekuwapo tangu 1905. Naona klabu kama hiyo ina kinga yake pia: wimbo una mshairi, mtia muziki, mwimbaji na wapigaji, hivyo lawama na sifa hugawanywa.

Hata hivyo Maslach amerudia kwa miongo kadhaa kwamba uchovu huu si kasoro ya mtu mmoja. Kazi yenyewe ndiyo ya kurekebishwa. Ireland imelijaribu hilo kisayansi. Mwaka 2022 ilichagua kwa bahati nasibu wasanii 2,000 ikawalipa yuro 325 kila wiki, ikiwalinganisha na wenzao waliokosa bahati hiyo. Waliolipwa walitumia muda mrefu zaidi katika sanaa yao, na wasiwasi na sonona vilipungua kwao kuliko kwa wenzao. Serikali zetu haziwezi kesho kutoa kiasi hicho. Lakini kilichowatuliza wasanii wale, kwa jinsi ninavyosoma matokeo hayo, si wingi wa fedha tu bali pia kuijua siku ya kulipwa, na hilo promota, mchapishaji na kituo cha televisheni wanaliweza: mkataba ulioandikwa, nusu ya malipo kabla ya shoo, na tarehe ya nusu ya pili ikiheshimiwa.