Maktaba au Hifadhi ya Nyaraka: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Mwanafunzi wa Bukavu anayeandika memware juu ya mji wake hupigia hesabu fotokopi na nauli ya moto. Kwa maktaba, hesabu hiyo inatosha. Kwenye hifadhi ya nyaraka kinacholiwa zaidi ni siku, na kila siku ya kungoja ina nauli na chakula chake.

Anza na maktaba za ISP, UCB au Université Officielle. Kitabu kimeandikwa ili kisomwe: kina mwandishi, sura, yaliyomo, na kikikosekana huku huenda nakala nyingine iko kule. Kile cha Padri Pierre Colle juu ya Bashi, kilichochapwa Bukavu mwaka 1971, kinakupa muhtasari wa kazi ya miaka mingi. Rahisi kuliko vyote ni makala za jarida la Cahiers du CERUKI. Huko mtu mwingine ameshalipa siku zake kwenye makaratasi, na tanbihi zake zinakuonyesha alikoyakuta. Mimi ningeanza na tanbihi kabla hata ya kusoma makala yenyewe.

Sasa, kwa upande wa hifadhi, chukua diari za misheni za Mapadri Weupe. Kila kituo kiliandika yaliyotokea, kwa mkono na kwa Kifaransa: leo mvua, kesho ugonjwa wa ng'ombe, keshokutwa mgeni kutoka kwa mwami. Hazina faharasa, wala aliyeziandika hakukuwazia wewe. Unaweza kupekua miezi mizima ya maandishi kwa ajili ya mistari mitatu. Lakini mistari hiyo haimo katika kitabu chochote, na hapo ndipo gharama inapojilipa. Nyingi ya diari hizo zimehifadhiwa Roma, Via Aurelia.

Mlangoni pa hifadhi pia mambo hubadilika. Beba barua ya mkuu wa idara, yenye muhuri, inayotaja mada na miaka. “Historia ya Bukavu” haimsaidii mtunza nyaraka; “Ujenzi wa Kadutu, 1945–1958” inampa pa kuanzia. Karatasi hazikupangwa kwa mada, zimepangwa kwa ofisi iliyozitoa. Hutakuta rafu ya maji. Jiulize nani aliandikiana barua juu ya maji mwaka ule. Tena tumia majina ya wakati ule. Mji wetu uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, na jimbo likabeba jina hilo kuanzia 1933 hadi 1947, lilipoitwa Kivu. Anayetafuta “Bukavu” peke yake huondoka akidhani hakuna kitu.

Lwiro, huko Kabare, iko katikati ya maktaba na hifadhi: ni kituo cha utafiti kilichoanza chini ya IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947, chenye maktaba ya kisayansi ya enzi hizo. Kwa mada ya udongo, mimea au matetemeko, kipite kabla ya kufikiria ndege.

Ndege ndiyo inayoumiza. Karatasi za serikali ya kikoloni ziligawanyika: nyingine zilibaki, na taasisi ya taifa inayohusika, INACO, iko Kinshasa; sehemu kubwa ilipelekwa Ubelgiji wakati wa uhuru, ikakaa miaka mingi wizarani na sasa inatunzwa na Archives générales du Royaume, Brussels. Visa ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudishwi. Kinshasa haina visa, ila tangu waasi wa M23 walipouteka mji wetu, Februari 2025, safari hiyo haipangiki kwa uhakika. Kabla ya safari zote mbili, pakua mwongozo mkubwa wa vyanzo vya historia ya ukoloni wa Ubelgiji uliotolewa mwaka 2021. Ni bure, utalipia mega tu, na utajua ni mkusanyiko upi unaoweza kuwa na folda unayoitaka na uko wapi.

Ukiruhusiwa kupiga picha kwa simu, piga kwanza jalada la folda lenye namba yake, ndipo kurasa. Bila namba hiyo direkta wako atakuuliza karatasi imetoka wapi, na utapanda moto upya.