Seti Kubwa Si Mtaji wa Fundi

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, boksi la plastiki lenye vipande 94 au 108 vinavyong'aa limekuwa ndiyo sura ya biashara ya zana za magari. Fundi anayeanza kazi hulinunua akiamini amejitosheleza. Nasema boksi hilo ni ununuzi mbaya kwa mtu anayekula kwa gereji, hata pale chuma chake kinapokuwa si kibaya. Fedha hiyohiyo ingemfaa zaidi kama sehemu yake kubwa ingeingia kwenye racheti moja bora na soketi chache zinazoshikwa kutwa nzima, kisha zana za kugusa mara moja kwa mwezi zikatafutwa kwa bei ya chini.

Tuanze na magari yenyewe. Mengi ya magari madogo katika barabara za Kenya na Tanzania yameletwa yakiwa yametumika kutoka Japani. Watengenezaji wa huko hupenda vichwa vya bolti vya milimita 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu za Toyota nyingi ni 21. Bolti ya M8 ambayo kwenye Toyota hufunguliwa kwa soketi ya 12, kwenye gari la Kijerumani hutaka 13. Kwa hiyo fundi wa Toyota na Nissan aliyenunua seti nzima amelipia 13, 15, 16 na 18 ambazo hazitoki sana kwenye mashimo yake, pamoja na rundo la vichwa vya bisibisi. Kibaya zaidi, maboksi hayo mara nyingi huja na racheti mbili, ya robo inchi na ya nusu inchi, na kuiruka ya inchi 3/8. Hiyo iliyorukwa ndiyo inayofaa kazi nyingi za injini: kichwa chake hupenya pembeni mwa alteneta, na bado ina nguvu ya kutosha kwa bolti za kawaida.

Ndani ya racheti kuna gurudumu lenye meno, ulimi unaoyazuia, na springi inayousukuma ulimi huo. Meno 24 humlazimisha fundi kurudisha mpini nyuzi 15 kabla ulimi haujashika tena. Meno 72 hutaka nyuzi 5 tu. Kwenye mpini wa sentimita 25, hiyo ni tofauti ya takriban sentimita sita na nusu dhidi ya mbili na kidogo, na mahali ambapo mkono umebanwa kati ya injini na bodi, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kazi itafanyika bila kung'oa kitu kingine kwanza. Lakini wauzaji wameigeuza hesabu ya meno kuwa kipimo pekee cha ubora, na hapo wanapotosha. Meno yakiongezeka huwa madogo, na meno madogo ya chuma dhaifu huruka chini ya mzigo. Racheti ya meno 36 iliyofuliwa vizuri ni bora kuliko ya 90 iliyotengenezwa ovyo. Wala hakuna racheti, ya bei yoyote, inayopaswa kuongezewa bomba ili kufungua nati ya gurudumu iliyoganda. Kazi hiyo ni ya mpini mrefu usio na meno.

Kwenye soketi, umbo ndilo la kwanza. Yenye pembe sita hukamata bolti vizuri kuliko ya pembe kumi na mbili, na bolti iliyokwisha kulika kona haisamehe. Soketi iliyo laini mno hupanuka mdomo, iliyo ngumu mno hupasuka. Ubora uko katika namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa, jambo ambalo mng'ao hauonyeshi. Soketi za kung'aa zisifungwe kabisa kwenye mashine ya upepo au ya betri. Kazi hiyo ina soketi zake nyeusi, nene, za chuma chenye kromu na molibdenamu, kwa sababu ile ya kawaida inaweza kupasuka na kurusha vipande machoni.

Wapo watakaosema haya ni mawaidha ya wenye fedha. Pingamizi hili lina uzito, maana fundi wa jua kali hununua kwa kipato cha siku. Hata hivyo, ni boksi linalomtaka atoe fedha nyingi kwa mkupuo. Kununua kipande kimoja kimoja humruhusu kuanza na racheti na soketi tano, akaongeza kadiri kazi inavyoingia. Zana zilizotumika kutoka Japani na Ulaya, kama za KTC au Hazet, zikiwa hazijachakaa ulimi, ni njia nyingine ya heshima. Na Taiwan, ambako eneo la Taichung limejaa viwanda vya zana za mkono, imeziba pengo kati ya bei za Ujerumani na takataka.

Pingamizi la pili, kuhusu zana bandia, ni gumu zaidi. Maandishi ya Cr-V, yaani chuma chenye kromu na vanadi, yanaweza kugongwa na yeyote juu ya chuma chochote, na jina kubwa huigwa haraka kuliko jina dogo. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na Tanzania ina Tume ya Ushindani, lakini mnunuzi hawezi kuwangojea wakaguzi. Aivalishe soketi kwenye bolti mpya na kupima inavyocheza. Alitikise shina la mraba la racheti. Aizungushe racheti kinyume huku nati ikiwa imelegea: ikiirudisha nati badala ya kuteleza juu ya meno, hiyo haifai. Mwisho aulize kama duka linauza gurudumu na ulimi wa kubadilisha. Dhamana ya maisha iliyochapishwa kwenye boksi haina thamani kama hakuna wa kuitimiza jijini, ilhali muuzaji mwenye vipuri vya racheti rafuni ameonyesha kwamba anatarajia kuiona tena zana aliyoiuza. Waagizaji wangefanya vyema kuleta vipuri hivyo pamoja na soketi za 3/8 za kuuzwa mojamoja, hasa 10 na 12, ambazo hupotea kabla ya nyingine zote.