Maneno ya Kutafutiwa: Pimeni Ushindani Kabla ya Kulipa

Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja kwa njia mbalimbali: "Tumetengenezewa tovuti, tumelipa, na hakuna mtu anapiga simu. Shida iko wapi?" Mara nyingi tovuti yenyewe haina ubaya. Shida ni kwamba imeandikwa kwa maneno ambayo wakubwa wameshayakalia zamani. Pesa hizo ni za akina mama na vijana waliochanga kidogo kidogo, kwa hiyo tumeona afadhali tulieleze jambo hili polepole.

Mtu akitaka kitu siku hizi huchukua simu akaandika maneno machache kwenye Google, naye hupewa orodha ya kurasa. Wengi huangalia zile chache za juu na kuacha hapo. Sasa shikeni neno hili: kila msemo una orodha yake. Hakuna kitu kinachoitwa kuwa wa kwanza kwenye Google. Kuna kuwa wa kwanza kwa msemo fulani. Mwenye magunia mawili ya viazi haendi kukaa katikati ya malori pale sokoni Karatina akitarajia kuonekana. Hutafuta upande ambao wanunuzi wapo na wauzaji ni wachache.

Tuchukue kikundi cha kufuga mbuzi wa maziwa, tuseme upande wa Mukurwe-ini. Wanataka kuuza mbuzi wa kike wa kuzaa. Mtengenezaji tovuti anawaambia waandike "dairy goats", kwa sababu ati ni maneno yanayotafutwa na watu wengi. Ni kweli yanatafutwa. Lakini anayeyaandika anaweza kuwa mwanafunzi wa Marekani au mkulima wa Uholanzi, na huko juu mtakuta vyuo vikuu, Wikipedia na vyama vikubwa vya wafugaji. Mkiongeza "Kenya", uwanja unapungua, ila bado mnapambana na magazeti na zile tovuti kubwa za matangazo ya kuuza na kununua. Mkiandika "Alpine goats for sale Nyeri", au kwa lugha yetu "mbuzi wa maziwa Nyeri", watafutaji ni wachache sana. Lakini huyo mmoja anayeandika hivyo ana pesa mfukoni na anatafuta mahali pa kwenda kuangalia mbuzi. Ndugu zetu wa Meru, ambako mbuzi wa Toggenburg ndio waliosambazwa zaidi, wangetumia jina hilo na jina la mji wao, wawaachie Nyeri mambo ya Alpine.

Mtajuaje kama msemo una ushindani mkali? Wengine huangalia ile hesabu ya kurasa ambazo Google husema imepata, wakiona mamilioni wanakata tamaa. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, tena haiwasaidii. Hata kama kuna kurasa milioni mbili, mnashindana na zile kumi za mbele.

Basi zifungueni hizo kumi, moja moja. Tumieni dirisha la siri la simu, lile lisilokumbuka mliyotafuta jana, maana Google huangalia pia mazoea ya mtafutaji. Mkumbuke pia kwamba huangalia mahali alipo: anayetafuta akiwa Nanyuki anaweza kuonyeshwa orodha tofauti na aliye Nairobi, kwa hiyo mwombeni mtoto wenu aliye huko naye ajaribu. Yarukeni yale ya juu yaliyolipiwa kama matangazo. Halafu jiulizeni: hawa ni nani? Kichwa cha ukurasa kinataja maneno yenyewe, au kimepita kando? Habari ni za lini? Mkikuta kumi zote ni za serikali, magazeti na makampuni makubwa, na kila moja inajibu swali sawasawa, ondokeni hapo. Mkikuta ukurasa wa Facebook uliolala miaka mitatu, au habari ya mbuzi kwa jumla isiyotaja Nyeri hata mara moja, hapo pana nafasi.

Jambo la viungo nalo ni zito. Viungo ni zile sehemu za kubonyeza zinazompeleka msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Tangu Google ianze mwaka 1998, imevihesabu kama ushuhuda: ukitajwa na wengi wanaoheshimika, unapanda. Kuna programu kama Ahrefs, Semrush na Moz zinazoupa kila msemo alama za ugumu kati ya 0 na 100, na alama hizo hutegemea sana viungo walivyo navyo wale wa juu. Zisomeni kama makadirio. Kila programu hupima kwa njia yake na hazikubaliani. Kwa kikundi cha kijiji, kutajwa na tovuti ya chama cha wafugaji kama DGAK, au ya kanisa, kuna faida kuliko viungo mia vya kununua. Hivyo vya kununua vimekatazwa na Google, na vinaweza kuwaangusha.

Hapa pana mtego mmoja ambao hata vijana wa kompyuta huingia. Google ina chombo cha bure cha wenye kutangaza, Keyword Planner, chenye safu ya "ushindani": mdogo, wa kati, mkubwa. Safu hiyo inapima ni watangazaji wangapi wanaogombea kulipia msemo huo. Haisemi lolote kuhusu ugumu wa kupanda bila kulipa. Msemo unaweza kuandikwa ushindani mdogo pale, na ukurasa wa kwanza umejaa Wikipedia na magazeti.

Kuna hatari ya upande wa pili pia: kuchagua msemo usio na mshindani kwa sababu hakuna mtu anayeutafuta. Andikeni maneno polepole muone Google inapendekeza nini. Mapendekezo hayo hutoka kwa yale watu wanayotafuta. Na waulizeni wateja mlio nao walitumia maneno gani. Maswali ya jumla, kama namna ya kumlisha mbuzi, yamepungua faida, kwa kuwa tangu 2024 Google imeanza kuweka jibu lililotungwa na kompyuta juu ya orodha, na msomaji haoni haja ya kufungua ukurasa wenu.

Mtu akiwaahidi nafasi ya kwanza kwa wiki moja, mwonyesheni mlango. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuahidi nafasi hiyo, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuonyesha matunda.

Kabla ya hayo yote, andikisheni kikundi kwenye ramani ya Google, na jina, mahali, simu na picha za mbuzi wenyewe. Kwa anayetafuta kitu cha karibu, Google huangalia umbali pamoja na sifa, kwa hiyo mdogo wa Mukurwe-ini anaweza kuonekana mbele ya mkubwa wa Nairobi. Kuandikisha huko ni bure, hakuna mtu anayepaswa kuwatoza ada ya Google.