Mbuga Isiyo na Lango

Mtu wa Buxton ya Mombasa akifika Uingereza akaulizwa kwao ni wapi, ajitayarishe kujieleza. Waingereza wana Buxton yao, mji mdogo wa nyumba za mawe huko Derbyshire, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, wenye chemchemi ya maji vuguvugu na mvua isiyokuwa na adabu. Yetu ni ya jasho, adhana, kunguru na magorofa mapya yaliyoota palipokuwa na nyumba za kupanga za manispaa.

Mji ule wa Derbyshire umezungukwa karibu pande zote na mbuga ya taifa, Peak District. Mgeni wa kutoka Kenya atatafuta lango, askari na mahali pa kulipa kiingilio, asivione. Ataona kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, vijiji, shule na baa. Zaidi ya watu 35,000 wanaishi humo ndani, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1951, ya kwanza katika Uingereza nzima. Ya Nairobi ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1946. Yaani waliokuja kutufundisha mbuga walianza kwetu, na kwetu mbuga zilipowekwa, wanyama walibaki na wenyeji wakatolewa. Kwao hawakumhamisha mtu.

Si kwamba wakubwa wao walikuwa wapole. Mwaka 1932 mamia ya vibarua na vijana wa Manchester waliupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, kwa sababu mabwana wenye ardhi walikuwa wameufunga ili wapate kuwinda ndege. Baadhi yao walifungwa jela. Sheria ya mbuga ilipopitishwa mwaka 1949, ilizungumzia pia njia za watu kupita.

Kuna Buxton mwingine wa kutajwa hapa: Edward North Buxton, mjukuu wa Thomas Fowell Buxton aliyepigania kufutwa kwa utumwa. Huyu mjukuu alisimama kidete watu wa London wasinyang'anywe msitu wa Epping. Kisha mwaka 1903, akiwa mwindaji aliyekwisha kutembelea Afrika, akaunda chama cha kuhifadhi wanyama wa makoloni. Wenye kejeli wakakiita chama cha wachinjaji waliotubu. Chama hicho kingali hai, kwa jina jingine.

Wanyama wa Uingereza yenyewe ni wachache. Dubu na mbwamwitu walimalizwa zamani. Biva, yule mnyama wa majini anayejenga mabwawa kwa miti aliyoiguguna, alirudishwa Uskoti mwaka 2009 kwa kuletwa kutoka Norway. Tai wa baharini nao waliombwa Norway, mwewe wekundu wakaombwa Hispania. Taifa lililotawala robo ya dunia likapitisha bakuli kwa jirani, nasema bila uchoyo.

Utajiri wao ni utafiti, na hapo nawavulia kofia. Kulikuwa na kipepeo wa buluu, mkubwa kidogo kuliko wenzake, ambaye wakusanyaji walimwania. Watu wakadhani wakusanyaji ndio wanaommaliza, mahali pengine wakapiga ua. Kipepeo akazidi kupungua. Miaka ya 1970 mtaalamu Jeremy Thomas aliketi majanini, msimu baada ya msimu, akitazama. Kipepeo hutaga kwenye zaatari ya porini. Kiwavi akishakula maua kidogo hujidondosha chini, akatoa harufu na utamu, sisimizi wakamdhania mtoto wao, wakambeba hadi nyumbani. Mgeni huyo hulala humo miezi mingi akiwala watoto wa wenyeji wake. Lakini si kila sisimizi anafaa. Ni aina moja hasa, nayo hutaka udongo uliopigwa jua. Sungura walipokufa kwa maradhi na mifugo ikazuiwa na ua, majani yakarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakahama. Jibu lilipopatikana, kipepeo alikuwa anakata roho: alitoweka mwaka 1979. Miaka michache baadaye mbegu ililetwa kutoka Sweden, ng'ombe wakarudishwa malishoni, na leo anaruka tena.

Kazi nyingine hufanywa na watu wa kawaida. Tangu 1979, kila Januari, chama cha kuhifadhi ndege, RSPB, huwaomba watu wakae dirishani muda wa saa moja wahesabu ndege. Unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja, si jumla, asije ndege mmoja akahesabiwa mara tano. Laki kadhaa za watu hushiriki, wengi na kikombe cha chai mkononi.

Hata zamani ilikuwa hivyo: Mei 1911, huko Cheadle, si mbali na Buxton yao, wakili mmoja, John Masefield, alimvika mbayuwayu aliyejenga kibarazani kwake pete ndogo yenye anwani ya London. Desemba 1912 ndege huyo alishikwa shambani Natal, Afrika Kusini, na aliyemshika akaandika barua kwenye anwani ile. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na ushahidi wa wapi mbayuwayu wa Uingereza hukaa wakati wa baridi.

Kwetu mbayuwayu hufika mwezi wa kumi, wakajipanga juu ya nyaya za stima. Miguu yao ni mifupi mno; ukiwa chini barabarani huwezi kujua nani amevaa nini.